Maharagwe Ambayo Baba Mkubwa Hakuyavuna

Kwa heshima na taadhima, na kwa mamlaka niliyopewa na shule ya bweni iliyonilisha Maandiko mengi na uji mwepesi, mimi Alexander, mwana wa Reuben, nawatangazia wakazi wote wa Taita, wa milimani na wa tambarare, kwamba miongoni mwenu ametokea nabii. Nabii huyo alitabiri jambo moja, nalo likatimia neno kwa neno. Nabii mwenyewe ni mimi.

Haki inanilazimu niongeze kwamba wakati wa kutabiri nilikuwa nimechutama juu ya kinyesi cha popo, kaptura ya shule ikikaribia kuchanika matakoni, na kichwa cha babu yangu kikiwa karibu na kiwiko changu. Kichwa peke yake. Sehemu nyingine za Babu zilibaki kaburini.

Kwetu Werugha mambo yalikuwa hivyo zamani. Mzee alizikwa kama watu wote, na mvua zikishapita juu ya kaburi alifukuliwa, kichwa kikapelekwa kwenye pango la ukoo kikae pamoja na vichwa vya baba zake. Wamisheni walipokuja walisema desturi hiyo iachwe, na wengi waliiacha. Babu hakuiacha. Alikataa ubatizo mpaka mwisho, na akaonya kwamba wasipompeleka pangoni atajipeleka mwenyewe kwa miguu. Hakuna aliyetamani kukutana naye njiani. Wakampeleka, na yeye ndiye wa mwisho katika ukoo wetu kuingia mle.

Baba yangu ni karani katika shamba la mkonge karibu na Voi, naye anaishi mtaa wa Kaloleni katika chumba kimoja ambacho hata panya wanakilalamikia. Kwa hiyo likizo zangu zote nilizimalizia milimani, kwa kaka yake, Baba Mkubwa Silvanus.

Baba Mkubwa alikuwa mtu wa baadaye. Sijui nimweleze vipi zaidi. Alifanya kazi reli pale Voi, kubadilisha njia za treni, hata akastaafu na kurudi nyumbani na masanduku mazito. Kulikuwa na viatu vyeusi ambavyo havijawahi kukanyaga udongo. Kulikuwa na blanketi mbili nzito, naye usiku akitetemeka ndani ya moja kuukuu. Kulikuwa na gramafoni aliyouziwa na Oduor, rafiki yake wa reli, imefungwa kwa magunia na kamba kama mfungwa. Ukimuuliza itapigwa lini, alikujibu, "Baadaye. Haraka ya nini?"

Hata asali aliiweka akiba. Kibuyu kizima cha asali ya nyuki wadogo kilining'inia darini kikingojea harusi yake ya baadaye, nami nikiwa bado mtoto wa kukimbia bila suruali. Siku moja kilikutwa kitupu. Baba Mkubwa aliwashutumu siafu. Mimi pia niliwashutumu siafu, tena kwa maneno makali.

Sababu ya tabia hii ni mbuzi. Baba Mkubwa alipozaliwa, Babu alichinja mbuzi, na msomaji wa matumbo akayatazama matumbo yale akasema kwamba mtoto huyu atawazika wenzake wote wa rika. Ndiyo basi. Mtu aliyeambiwa hivyo hana sababu ya kufungua sanduku leo.

Tatizo ni kwamba Mable hakuchinjiwa mbuzi.

Mable alikuwa mjane aliyeshona nguo kwa cherehani karibu na kanisa. Baba Mkubwa alimposa mimi nikiwa darasa la kwanza. Sasa nilikuwa nimefika shule ya bweni, na bado alikuwa mchumba tu. Likizo ya Aprili alikuja nyumbani akiwa na sufuria ya viazi, akaiweka mezani kwa nguvu.

"Silvanus, wewe ni mwanamume au ni ghala?"

"Keti kwanza, Mable."

"Nimeketi miaka yote hii, kiti kimeota mizizi. Kaka yangu ananiita Taveta. Anataka nikashone huko, mjini, kwenye watu. Maharagwe yakivunwa, mimi naenda."

"Lakini wakati upo…"

"Wako upo. Wangu nani aliusoma?" Akanigeukia. "Na wewe, msomi, funga mdomo, nzi wataingia."

Alipoondoka, Baba Mkubwa alivitazama viazi mpaka vikapoa. Kisha akasema, kama anayezungumza na sufuria, "Kesho nitakwenda pangoni kumuuliza Baba."

Wasomaji wapendwa, hapo ndipo roho ya unabii iliponishukia. Sitadanganya kwamba nilimhurumia Mable. Nilikuwa nataka gramafoni ipigwe.

Mchana uliofuata nilitangulia pangoni. Watu hudhani mahali kama pale panatisha kwa giza. Hapana. Kulikuwa na mwanga wa kutosha, mwanga mweupe wa ukungu, usiotoka upande wowote na usiotupa kivuli. Vichwa vilipangwa juu ya jiwe kama watu waliopiga foleni na kusahau walichongojea. Nilichutama nyuma, karibu na Babu, nikiwa na chungu kilichovunjika mdomo, cha kukuzia sauti. Popo walikuwa juu yangu. Maji yalidondoka mahali fulani ndani, yakanyamaza, yakadondoka tena.

Baba Mkubwa akaja, akavua kofia, akasimama mlangoni.

"Baba," akasema, "Mable anataka kwenda. Mimi nasema wakati upo. Wewe mwenyewe uliyaona yale matumbo. Kwani nina haraka gani?"

Nikaingiza uso ndani ya chungu.

"Silvanus!" nikanguruma. "Silvanus, mwanangu! Maharagwe utakayopanda msimu huu, wewe hutayavuna!"

Nilitarajia apige yowe. Hakupiga. Alisimama tu, kofia mikononi, na ukungu ukapita kati yetu hata sikumwona. Ulipofunguka, alikuwa ameshaondoka. Mimi nilipokimbilia njia ya mkato, kaptura ikanasa kwenye jiwe, nikasikia ikilia *raaa*, na nyuma yangu maji yakadondoka.

Jioni alikula bila kuniangalia. Mwishowe akauliza, "Ulikuwa wapi mchana?"

"Nilikuwa nachanja kuni, Baba Mkubwa."

"Na kaptura?"

"Kuni zilinichana."

"Kuni za siku hizi ni kali," akasema, na akaenda kulala.

Asubuhi alipanda maharagwe. Nilimsaidia. Kila punje aliigeuza kidoleni kabla ya kuiachia shimoni, kama mtu anayetazama uso wa mtoto kabla ya kumwacha shuleni. Kabla msimu haujakolea, nilirudi shule. Bwenini niliwasimulia wenzangu kisa kizima kwa sauti ya chungu, wakacheka mpaka mwalimu wa zamu akatuzimia taa.

Ila Thadeus wa Ronge hakucheka. Thadeus alilala kitanda cha pili kutoka changu. Aliniambia kwamba kwao kulikuwa na mtu mzima wa afya aliyeambiwa neno la namna hiyo na watani wake, kwa mchezo. Hakuugua. Alianza tu kugawa vitu vyake. Kisha akawa mpole sana. Kisha akafa.

"Alikufa kwa nini?" nikauliza.

"Kwa kuamini," akasema Thadeus, akajifunika shuka mpaka kichwani.

Tangu hapo hadithi yangu ikapoteza ladha.

Likizo ya Agosti nilipanda milimani kwa lori la mboga lililokuwa likirudi tupu. Tulipofika Werugha ukungu ulikuwa umelala juu ya matuta yote. Mashamba yalikuwa yamevunwa, udongo mtupu, na wanawake wanapigapiga maganda makavu kwa fimbo uani. Nikafika kwetu. Na kabla sijaiona nyumba, nikasikia sauti.

*Chaka-chaka. Chaka-chaka-chaka.*

Yalikuwa maharagwe. Shamba zima la Baba Mkubwa lilisimama vilevile, limekauka rangi ya mifupa, halijaguswa. Kila upepo ulipopita, punje zilitikisika ndani ya maganda. Yalisikika kama meno.

Nikakimbia mpaka mlangoni, nikaona viatu vyeusi. Vilikuwa vimejaa tope hadi kwenye kamba, na ndani yake alikuwamo Baba Mkubwa, mzima.

"Karibu, msomi," akasema. "Umekonda. Shuleni wanawalisha methali za Sulemani peke yake?"

Ndani, gramafoni ilikuwa juu ya meza, bila gunia, bila kamba. Blanketi zote mbili nzito zilikuwa kitandani, moja imemwagikiwa chai. Mable alikuwa jikoni akiimba kwa furaha na kwa kukosea, kwa sababu ndoa yao ilikuwa imeshatangazwa kanisani na ilibaki Jumamosi tu.

Ningefurahi. Gramafoni ilipigwa jioni ileile, nikaisikiliza kwa masikio yangu mawili. Lakini sikuweza kumsikia mwimbaji. Nilikuwa nikimwangalia Baba Mkubwa.

Alikuwa amekuwa mpole sana.

Alimenya ndizi polepole, akainusa kabla ya kuila. Mvua ilipoanza alitoka nje, akasimama chini ya ukingo wa bati na kiganja wazi, mpaka shati likalowa begani. Alikohoa, Mable akamgombeza, na yeye akamshukuru. Baba Mkubwa, kumshukuru mtu kwa kumgombeza! Mchana alisimama kwenye tuta akiangalia ukungu ukipanda kutoka bondeni, bila jembe, bila sababu, na uso wake ulikuwa kama wa abiria aliyekwisha kukaa ndani ya treni na sasa anaangalia kituo. Aliniangalia mimi vilevile. Kwa muda mrefu. Kama anayetaka kuukumbuka uso wangu mahali ambako hautakuwapo.

Halafu akaanza kugawa. Blanketi yake kuukuu alimpa mlinzi wa kanisa. Jembe la pili alimpa jirani. Kila kitu kilipotoka mlangoni nilisikia sauti ya Thadeus.

"Baba Mkubwa," nikamwambia siku hiyo, nikijaribu kuongea kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "maharagwe yanamwagika. Tuyavune?"

Akatabasamu. "Yale si ya kuvunwa na mimi."

"Kwa nini?"

"Si unajua?"

"Mimi? Nitajuaje?"

"Nimesema tu." Akatazama shamba. Upepo ukapita. *Chaka-chaka.* "Yanasikika vizuri, eh? Miaka yote hii nimevuna maharagwe, sikuwahi kuyasikia yakiimba."

Usiku sikulala. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya usomi nilielewa kwamba neno likishatoka kwenye chungu haliwezi kurudishwa ndani. Nilikuwa nimemuua Baba Mkubwa. Nilimuua mwezi wa Aprili, na yeye, kwa ustaarabu wake wa reli, alikuwa akingoja ishara tu ili aondoke. Na Mable, aliyengoja miaka yote ile, angevaa gauni la harusi Jumamosi na kitambaa cheusi Jumatatu.

Asubuhi nikamsikia akimwambia Mable, "Leo mchana twende kwa Baba. Kabla ya kanisa, lazima nikatase."

Kwa asiyejua: kutasa ni namna yetu ya kusafisha moyo. Unajaza kinywa kinywaji, unakitema kwa kukinyunyiza, na pamoja nacho unatema hasira yote uliyoificha, mbele ya anayehusika. Hasira ikibaki moyoni, jambo jema halishiki.

Basi nabii akapata mpango. Ningetangulia pangoni, nikae palepale, na Babu angebadili msimamo. *Mwanangu, nilikosea, vuna maharagwe yako, uishi.* Maneno machache. Hata chungu kilikuwa bado kipo mahali nilipokiacha.

Ukungu wa siku hiyo ulikuwa mzito kuliko ule wa Aprili. Niliingia pangoni kwa kupapasa. Mwanga mweupe ulikuwa uleule, usio na kivuli. Popo hawakuwapo. Sijui walikwenda wapi, na sikupenda kwamba hawapo. Maji hayakudondoka. Nikachutama nyuma ya jiwe na kukishika chungu, nacho hakikuwa baridi kama vitu vya pangoni. Kilikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ametoka kukikalia.

Nikajiambia ni jua. Hakukuwa na jua.

Hatua zikaja. Baba Mkubwa akasimama mlangoni na viatu vyake vya tope, Mable nyuma yake ameshika kibuyu cha pombe ya miwa. Baba Mkubwa akapiga funda, akainyunyiza, matone yakabaki yananing'inia kwenye ukungu.

"Baba," akasema, "ni mimi, Mwadime."

Sikuwahi kumsikia akitumia jina hilo.

"Nimekuja kutema hasira. Nilikukasirikia kwa sababu ya yule mbuzi. Ulinipa miaka mingi, nami nikaifungia sandukuni, nikailinda kama mlinzi wa godauni. Sikuila. Nilidhani nikiila itaisha. Mama huyu alikaa nje ya mlango akingoja nifungue. Hasira hiyo si yako, ni yangu, na leo naitema." Akanyunyiza tena. "Kama nina miaka, sawa. Kama nina wiki, sawa. Mable amepika viazi, na leo nitavila vikiwa moto."

Mable akapiga funda lake, akanyunyiza. "Na mimi nilimwita ghala," akasema. "Natema. Ingawa alikuwa ghala kweli."

Huo ndio wakati wangu. Nikavuta pumzi. Nikainua chungu.

Na karibu na sikio langu, upande wa jiwe ambako palikuwa na vichwa tu, mtu akakohoa. Kikohozi cha tumbaku, kilichokauka, kisicho na haraka. Kisha sauti ikasema, polepole kama inayomkanya mtoto mezani:

"Kinyuki. Umekaa mahali pangu."

Jina hilo halikujulikana na mtu yeyote aliye hai isipokuwa mimi.

Sijui nilitokaje. Nakumbuka chungu kikivunjika, nakumbuka kibuyu cha Mable kikiruka, nakumbuka nimekumbatia viatu vyeusi vya Baba Mkubwa, pombe ya miwa ikinitiririka shingoni, na mdomo wangu ukisema kila kitu bila kuniomba ruhusa. Kwamba ilikuwa mimi Aprili. Kwamba si Babu. Kwamba nilitaka gramafoni. Kwamba avune maharagwe, tafadhali, avune leo, asife, nitayavuna mimi mwenyewe, yote, mpaka ganda la mwisho.

Kisha Mable akaanza kucheka, akakaa chini kwenye majani mabichi kwa kucheka.

"Amesema mwenyewe, Silvanus! Sikukwambia atasema mwenyewe?"

Nikainua uso. Baba Mkubwa alikuwa akijifuta macho.

"Msomi," akasema, "babu yako alikufa bila kuwahi kutamka jina la Silvanus. Hata mara moja. Alisema hilo ni jina la wamisheni, waliite wao. Kwake nilikuwa Mwadime, akiniita kula, akinipiga, akiniaga. Halafu naja pangoni, naambiwa 'Silvanus, mwanangu.' Nikajua papo hapo kwamba mzimu huu umesoma shule ya bweni."

"Ulijua? Tangu Aprili?"

"Na kaptura niliiona."

"Basi… kwa nini gramafoni? Kwa nini viatu?"

Akafikiri. "Nilitaka kuingia nikuvute masikio. Nikaona mikono yangu inaisokota kofia. Nilijua ni uongo, na bado inaisokota. Na unajua nilichokiona mbele yangu? Si kaburi. Niliona wewe na baba yako mnafungua masanduku yangu, mnasema, tazama, hata hakuvivaa." Akatazama viatu vyake vilivyolowa. "Nikashuka. Sikuwa na nafasi ya kukupiga."

"Na maharagwe?"

"Nabii alisema sitayavuna. Sikutaka kumwaibisha. Utayavuna wewe, kesho, na kuyapiga, na kuyapepeta, na kuyabeba. Vile vitu nilivigawa kwa sababu nyumba sasa ina cherehani. Ulidhani nini, nakufa?"

Nilikuwa nikijisikia mwepesi, karibu nicheke nami. Baba Mkubwa akaniinua kwa kola.

"Haya, sema. Leo ulikuwa unakuja kunitabiria nini? Maana hiyo ya leo hata sikuielewa."

"Leo sikusema kitu, Baba Mkubwa. Nilikuwa sijafungua mdomo."

Mable akaacha kucheka.

Ukungu ulikuwa umesimama mlangoni mwa pango, hauingii wala hautoki. Ndani, maji yakadondoka mara moja. Baba Mkubwa akaniachia kola, na uso wake ukawa kama ule nilioutaka Aprili na sikuupata.

"Mable," akasema taratibu, "na wewe ulisikia?"

"Nilisikia," akasema Mable. "Nilidhani ni mtoto."

Baba Mkubwa akaniinamia. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Alexander. Kinyuki ni nani?"

Ningeweza kuwashutumu siafu. Nilifungua mdomo kuwashutumu. Lakini nyuma yangu, pangoni, mtu alikuwa akisubiri kusikia nitasema nini, na huyo alikuwapo siku ile. Alinikuta darini, mkono umezama kibuyuni mpaka kwenye kiwiko, na badala ya kunichapa akapanda, akaketi kando yangu, akaingiza mkono wake pia. Tulikula mpaka mwisho. Akaniambia asali haikutengenezwa ili itazamwe, na kwamba hilo litakuwa siri yetu, na tangu siku hiyo, tukiwa wawili tu, hakuniita jina jingine.

"Ni mimi," nikasema. "Asali yako ya harusi, Baba Mkubwa. Hawakuwa siafu."